Futi Iliyopita Mbavuni

Bi Inchi hakuwa mtu wa kukisia. Jina hilo walimpa wateja wake, na alilistahili. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amekaa nyuma ya cherehani yake, mlango wa tatu kutoka kwenye kona, na hakuna nguo aliyoishona ikarudishwa kwa kubana au kupwaya. Fundi anayempima mteja kwa jicho alimwona kama mpishi anayeonja kwa pua. Yeye futi yake ya kupimia ilikaa shingoni tangu asubuhi hadi anapofunga duka. Sokoni alienda nayo, na siku moja alikwenda nayo mazishini, akaikumbuka watu wakiwa wameshamaliza kumtazama.

Wiki ambayo mambo haya yalianza, binti yake wa pekee alikuwa amerudi nyumbani kujifungua. Mume wake alifanya kazi mbali, na isitoshe Bi Inchi mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania. Miaka miwili nyuma, binti huyo alipoteza mimba ya miezi minane. Mtoto alitoka hajalia, na Bi Inchi alifika hospitali wakati yote yameshakwisha. Siku hiyo alijiapiza kwamba mwingine akija atampokea yeye, kwa mikono yake, hata iweje. Sasa mwingine alikuwa amebakiza wiki tatu hivi, na bibi mtu alikuwa akitembea roho mkononi kuliko mwenye mimba.

Jumatatu asubuhi alihisi kitu kinamchoma chini ya ziwa la kushoto. Alidhani ni pini. Kwa fundi hilo ni jambo la kawaida, pini hujisahau kwenye nguo. Akaingia chumba cha nyuma cha duka, akavua gauni, akaligeuza ndani nje, akapitisha vidole mshono kwa mshono. Hakuna pini. Akaikung'uta sidiria. Hakuna. Akavaa tena, na gauni lilipoigusa ile ngozi aliruka kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Ngozi yenyewe haikuwa na alama hata moja.

Alijikaza kisabuni siku mbili. Jumatano alipojitazama kwenye kioo cha wateja, aliona vipele vyekundu vimejipanga kuanzia karibu na uti wa mgongo kwenda kwapani, na juu ya vipele malengelenge madogo yenye maji. Vilikuwa vimefuata mstari. Jicho la fundi liliuona huo mstari kabla ya kitu kingine chochote, na ndilo lililompoteza.

Mlango wa pili alikuwepo mpiga pasi, mzee mwenye maneno mengi na mvuke kidogo. Ukuta kati yao ulikuwa wa mbao, kwa hiyo walipiga soga kutwa bila kuonana. Bi Inchi alimwuliza kupitia mbao hizo, kwa sauti ya kujifanya haijali.

"Jirani, nina rafiki yangu mmoja katokwa na malengelenge ubavuni, upande mmoja tu. Yanamwunguza. Ni nini hicho?"

Pasi ikasimama. "Huo mkanda wa jeshi. Mwambie huyo rafiki yako aombe sana ncha zisikutane."

"Ncha gani?"

"Si unazunguka kama mkanda wa suruali? Unaanzia mgongoni unakuja mbele. Zikikutana tu, basi tena. Mjomba wangu ndivyo alivyokwenda." Kisha akashusha sauti, kana kwamba mtaa mzima umeegemea ubao. "Na mwambie asitangaze. Watu wakisikia mkanda wa jeshi, wanaanza kukuhesabia wanaume uliolala nao."

Tuseme ukweli, mpiga pasi hakuwa na nia mbaya. Alisema alichosikia, na alichosikia alikisikia kwa watu waliosikia kwa wengine. Lakini yalimwingia Bi Inchi yote mawili, kufa na kusemwa, na juu ya yote alimfikiria binti yake. Binti huyo alikuwa haamki asubuhi bila kujishika tumbo kuhakikisha bado kunachezacheza. Umwambie mama yake anakufa? Hapana. Angenyamaza.

Akafanya kile ambacho fundi cherehani peke yake angeweza kufanya. Akajipima.

Alijifungia chumba cha nyuma, akashika kichwa cha futi kwenye uti wa mgongo kwa mkono wa kushoto, akaivuta juu ya vipele mpaka pale lengelenge la mwisho lilipoishia. Inchi tisa. Alijua mzunguko wa kifua chake mwenyewe, arobaini na nne. Kwa hiyo zilibaki thelathini na tano ncha zikutane. Akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari la vipimo, ule ambao hakuna mteja aliyewahi kuandikwa, akaandika: Jumatano, tisa. Jioni akapima tena. Kumi na moja. Baadhi ya malengelenge yalipasuka chini ya futi, akaifuta futi kwa kipande cha kitambaa, akairudisha shingoni.

Alhamisi asubuhi, kumi na tatu. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka chumba cha nyuma, binti yake akaingia dukani anahema.

"Mama, hakuna nguo inayonitosha. Nishonee basi gauni la kutokea hospitali, nisitoke na shuka."

"Njoo hapa. Pandisha blauzi, hiyo inanidanganya."

Binti akapandisha blauzi hadi kifuani. Bi Inchi akaizungusha futi kwenye lile tumbo, juu ya ngozi tupu, chini ya kitovu, kisha juu ya kitovu, akaivuta taratibu mpaka ikalala sawasawa.

"Ya baridi hiyo!" binti alicheka. "Na mjukuu wako huku ndani kakupiga teke, umeona?"

"Nimeona. Arobaini na tatu. Huyu anatoka na mizigo yake."

Binti akamwegemea kwa kucheka, bega lake likamgonga ubavuni. Bi Inchi aliuma meno mpaka machozi yakamlenga.

"Mama, unaumwa?"

"Nani, mimi? Nimechoka tu."

Jumamosi futi ilisoma ishirini na mbili. Vipele vilikuwa vimefika mbele, katikati kabisa, pale ambapo kwenye gauni hupita mstari wa vifungo. Nusu ya mzunguko. Bi Inchi aliketi juu ya marobota ya vitambaa akapiga hesabu. Siku nne, nusu ya safari. Zikibaki siku nne nyingine, Jumatano atakuwa maiti, na mtoto atakuwa bado tumboni. Chakula kilimshinda. Alipika, akapakua, akamtazama binti yake akila, akasema amekula dukani.

Jumapili, ishirini na mbili. Jumatatu asubuhi, ishirini na mbili. Hakuelewa kwa nini haisogei, na maumivu yenyewe yalikuwa yamemfikisha mahali ambapo hata upepo wa feni ulimwumiza. Mteja mmoja alipomgusa kidogo tu apishe njia, alipiga ukelele ukasikika barabarani. Mpiga pasi akaja mbio na chupa yake ya kunyunyizia maji mkononi.

"Vaa viatu," alisema. "Huyo rafiki yako leo tunampeleka zahanati."

"Rafiki gani?"

"Jirani, mimi nina mdomo, lakini na macho pia ninayo."

Daktari alikuwa msichana wa kumzaa, miwani imemteleza puani. Alimtazama ubavu kwa muda mrefu bila kugusa.

"Utotoni uliwahi kuugua tetekuwanga, mama?"

Aliwahi. Alikuwa na miaka saba. Dada yake mkubwa alianza, na mama yao akamchukua yeye aliyekuwa mzima akamlaza kitanda kimoja na mgonjwa, ili waugue pamoja wapone pamoja na kazi iishe. Wanawake wengi walifanya hivyo. Bi Inchi alikumbuka joto la kile kitanda, na jinsi walivyofungwa vitambaa mikononi wasijikune. Alikumbuka pia alivyomchukia mama yake wiki nzima.

"Basi kile kirusi hakikuondoka," daktari alisema. "Kilijificha kwenye mizizi ya neva, pale mgongoni, kikalala miaka yote hiyo. Ukizeeka, au ukiwa na mawazo mengi, kinaamka na kufuata neva yake. Huo ndio mkanda wa jeshi. Lini ulianza kuona vipele?"

"Jumatano."

"Leo Jumatatu. Mama! Dawa hii inatakiwa ndani ya siku tatu. Nitakupa, lakini tumechelewa. Ulikuwa unangoja nini?"

Bi Inchi akatoa lile daftari kwenye mkoba na kumwonyesha ukurasa wa mwisho. Daktari akasoma, akavua miwani.

"Neva inaishia katikati ya mwili, mama. Ya kushoto haivuki kwenda kulia. Ungeupima mkanda huu mpaka mwakani, usingepita hapo kwenye ishirini na mbili."

Laiti mazungumzo yangeishia hapo, angetoka anacheka. Angekwenda kumnyang'anya mpiga pasi pasi yake. Lakini daktari alikuwa bado anaandika, na bila kuinua kichwa akauliza, "Nyumbani unaishi na nani?"

"Binti yangu. Mjamzito."

Kalamu ikasimama. "Yeye aliwahi kuugua tetekuwanga?"

Hakuwahi. Na hilo Bi Inchi alilijua kuliko jina lake. Binti alipokuwa na miaka mitano, watoto wa yule dada mkubwa wa Bi Inchi waliugua wote, na dada akaja mlangoni kusema mlete naye aumalize. Bi Inchi alikataa katakata. Kwa sababu ya kile kitanda cha utotoni, alimfungia mwanawe ndani wiki tatu. Alijivunia jambo hilo miaka yote.

"Mkanda wenyewe hauambukizwi," daktari alisema polepole. "Lakini maji ya malengelenge yana kirusi kilekile, na asiyewahi kuugua anaweza kupata tetekuwanga. Ukifunika, hatari ni ndogo. Fikiri vizuri. Taulo, shuka, nguo. Kuna kitu chochote kilichogusa malengelenge yako, halafu kikamgusa yeye?"

Mkono wa Bi Inchi ulikuwa umeshapanda shingoni. Aliivua futi, akashindwa kujua aiweke wapi.

Alimwambia binti yake mchana huohuo, amesimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Alisema yote: pini ambayo haikuwepo, mpiga pasi, chumba cha nyuma, Alhamisi. Binti alisikiliza mikono ikiwa juu ya tumbo.

"Ulitoka kujipima nayo, ukanipima mimi."

"Sikujua, mwanangu."

"Nilikuuliza. Nilikuuliza unaumwa, ukasema umechoka." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Nimeshazika mmoja, Mama."

Akakusanya nguo zake, akahamia kwa mama yake mkubwa, yule dada wa kitanda kimoja.

Damu ilipopimwa, majibu yalikuja vile Bi Inchi alivyoyaogopa. Binti hakuwa na kinga. Wakampa vidonge vya kujikinga na wakamwambia wazi: ahesabu siku ishirini na moja tangu Alhamisi ile. Vipele vikitokea, arudi mbio. Vikitokea karibu na kujifungua, mtoto atazaliwa akutane na ugonjwa kabla mama hajamwachia kinga yoyote, na mtoto mchanga hana nguvu za kupigana nao. Tarehe ya kujifungua iliangukia ndani ya siku hizo.

Kuanzia hapo ukurasa wa mwisho wa daftari ulibadilika kazi. Kila asubuhi dada alipiga simu, na kila asubuhi Bi Inchi aliandika. Siku ya saba, safi. Siku ya nane, safi. Binti hakuchukua simu hata mara moja. Nyuma ya sauti ya dada yake Bi Inchi alimsikia akitembea, akifungua bomba, akikohoa.

Futi ya zamani aliichoma moto. Akanunua nyingine, akaiacha kwenye droo. Wateja aliwarudisha, akisema mashine imeharibika, halafu akajishtukia. Uongo mwingine tena. Aliyefuata alimwambia, "Nina mkanda wa jeshi. Njoo baada ya wiki mbili." Mwanamke yule alirudi nyuma hatua mbili, akaenda kumsimulia muuza mkaa, na kufikia jioni mtaa ulikuwa umepata habari pamoja na chumvi yake. Bi Inchi alishangaa kuona haimwumi. Nafasi ya kuumia ilikuwa imejaa.

Malengelenge yalikauka, yakawa vigaga, vigaga vikadondoka. Maumivu hayakudondoka. Yalibadilika sura tu. Mara yalikuwa moto, mara umeme unaopita chap kutoka mgongoni hadi kwenye vifungo, mara muwasho ambao ukiukuna unakuta ngozi ina ganzi. Mwanamke aliyewavisha nusu ya mtaa hakuweza kuvumilia nguo mwilini. Alijishonea blauzi ya bitana laini, akaivaa mishono ikiwa nje, na bado alikaa ameishika kwa vidole viwili isimguse. Daktari alimwambia kwamba neva imejeruhiwa, na neva hupona kwa mwendo wake. Miezi, pengine mwaka, wengine zaidi. Akampa vidonge vya jioni. Akasema pia kwamba kwa kuwa vigaga vimekwisha, hamwambukizi mtu tena. Bi Inchi alimwomba dada yake afikishe habari hiyo. Jibu lilirudi kwa maneno ya binti mwenyewe: siku ya ishirini na moja ikiisha.

Siku ya kumi na sita simu iliita kabla ya wakati wake.

"Uchungu umeanza," dada alisema. "Tuko hospitali." Halafu akanyamaza.

"Sema."

"Ana kipele shingoni. Kimoja. Chekundu, na juu kama kina maji."

Bi Inchi hakumbuki alifungaje duka. Pengine hakulifunga. Mpiga pasi ndiye aliyelikuta wazi akaliangalia. Alifika hospitali, akazuiwa pale ambapo ndugu hukaa, akaketi kwenye benchi na mkono umeivuta blauzi mbali na ubavu. Mlango wa wodi ulikuwa na kioo kidogo chenye ufa. Wauguzi walipita. Kila aliyepita, Bi Inchi alimtazama usoni kuona kama analo la kumwambia, na hakuna aliyekuwa nalo. Alijaribu kuomba, lakini maneno yaliyomjia yalikuwa arobaini na tatu, arobaini na tatu, kipimo cha lile tumbo.

Saa sita na robo mchana dada yake alitoka, kilemba kimemkaa upande.

"Mbu," alisema.

"Nini?"

"Ni mbu! Wamemwita daktari wa ngozi, wameleta na taa, wamemkagua mwili mzima. Kaumwa na mbu, kajikuna. Na mtoto amelia. Wa kike, kilo tatu na kitu. Kalia mpaka wa jirani wakaamka."

Bi Inchi alilia palepale kwenye benchi, kwa sauti, bila kujali nani anatazama. Hakuomba kuingia. Zilibaki siku tano.

Siku ya kumi na saba, safi. Ya kumi na nane, safi wote wawili. Ya kumi na tisa. Ya ishirini. Siku ya ishirini na moja dada alipiga simu mara tatu bila kuombwa.

Asubuhi iliyofuata Bi Inchi alikuwa amekaa mbele ya cherehani, kitambaa kimekaa chini ya sindano na mguu haujakanyaga. Kivuli kikaanguka mlangoni. Binti yake alikuwa amevaa gauni la kuazima, ameubeba mzigo mdogo mweupe kifuani. Hakusalimia. Alimtazama mama yake, ile blauzi ya kugeuza, vile vidole viwili.

"Umepona, Mama?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini, lile la miaka yote. Bi Inchi alilimeza.

"Sijapona. Umekauka kwa juu, lakini bado unawaka. Kutwa kucha. Daktari anasema huenda ikawa mwaka."

"Nionyeshe."

Bi Inchi alifungua vifungo. Lile kovu lilitoka mgongoni likapita chini ya kwapa hadi katikati ya kifua, rangi ya chai, limekatika pale kama limekatwa kwa mkasi. Binti aliinama akaliangalia lote, mwanzo hadi mwisho, na hakuligusa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaogopa."

"Ningeogopa," binti alisema. "Ningeogopa sana. Halafu ningekupeleka hospitali Jumatano ileile."

Bi Inchi alifunga vifungo, kimoja kimoja. Alipomaliza, binti alisogea akainama kumpakatisha mtoto, na bila kufikiri akamleta upande wa kushoto, upande ambao watu wengi hupakatia.

"Siyo huku," Bi Inchi alisema haraka. "Huku panauma. Mlete huku kulia."

Binti akamhamisha. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na alinukia maziwa. Bi Inchi alimshika, mikono yote miwili, kama alivyoapa, akiwa amechelewa siku sita. Kisha binti akafungua droo, akaikuta futi mpya bado imefungwa kwenye karatasi yake, akaichana karatasi kwa meno.

"Haya, mpime," alisema. "Hana nguo hata moja inayomtosha."